Tununue Pampu Kabla ya Samaki

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa, jambo lenyewe ni lile tangi la maji ya chumvi ambalo Chama cha Sayansi kinataka kuliweka katika maabara ya biolojia. Mchango umeshaanza, na kila ukipita bwenini hadithi ni ile ile: anunuliwe samaki gani, wa manjano ama yule wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe? Hakuna anayeulizia pampu. Mimi naona tunaanza kinyumenyume.

Kwa maoni yangu, fedha za kwanza zitumiwe kuyatengeneza maji. Samaki na matumbawe ni wageni, na mgeni haalikwi kabla ya nyumba kuezekwa.

Hebu tuanze na tangi. Kuna wanaopendekeza la lita 30, eti ni la bei nafuu. Jamani, maji machache hubadilika upesi: joto hupanda na kushuka, chumvi huzidi, na uchafu kidogo tu hugeuka sumu. Kwa anayeanza, la lita 150 hadi 200 ni afadhali. Lakini lita 200 za maji ya bahari zina uzito wa zaidi ya kilo 200, mbali na kioo na mawe. Zile meza za maabara zenye miguu inayochezacheza hazitaweza! Basi stendi imara ndiyo itangulie.

Pili ni chumvi na kipimo chake. Chumvi ya jikoni haifai. Huuzwa chumvi maalumu yenye madini ya baharini, na tangi la lita 200 huhitaji takriban kilo 7. Ili tusibahatishe, tununue refraktometa. Maji yakikauka chumvi hubaki, kwa hivyo yanayopungua hurudishiwa maji matupu, si ya chumvi. Maji ya mfereji nayo huwa na klorini, na yakipita kwenye mabomba ya shaba huweza kubeba shaba, ambayo hata ikiwa kidogo huua kamba na matumbawe. Yatumiwe maji yaliyosafishwa kwa mtambo.

Tatu ni pampu na hita. Matumbawe ni wanyama, ingawa yanafanana na mawe. Hayatembei, bali hungojea mkondo uyaletee chakula na kuyaondolea taka. Pampu ndiyo mkondo huo. Halafu yanataka joto la nyuzi 24 hadi 27, na baridi ya Julai hapa Nyeri sote twaijua. Hita iandamane na kipimajoto cha pekee, maana hita ikiharibika haitatuambia.

Je, taa? Taa nzuri ni ghali, na ni kweli matumbawe mengi huitegemea, kwa kuwa ndani ya miili yao mna mwani mdogo sana unaotengeneza chakula kwa mwanga. Lakini taa inaweza kungoja, kwa sababu wiki za mwanzo tangi halitakuwa na tumbawe lolote. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Mbona tungoje? Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha kuwa nitrati, yenye madhara kidogo zaidi. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuzaana vya kutosha. Kwa hivyo vifaa vya kupimia amonia na nitriti vinunuliwe kabla ya samaki, si baada ya samaki kuelea.

Tusisahau stima. Agosti 2023 zilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Pampu zikizimika, hewa majini hupungua na samaki hukosa pumzi. Pampu ndogo ya hewa ya betri si ghali, nayo inaweza kuokoa tangi zima usiku mmoja.

Wapo watakaosema, "Tangi lisilo na samaki lina faida gani?" Swali ni zuri. Jibu langu ni kwamba wiki hizo sita ni somo: kila darasa lipime maji, lichore grafu, liione nitrojeni ikizunguka badala ya kuikariri kitabuni tu. Tena samaki wengi wa matangi ya maji ya chumvi hukamatwa baharini, wakiwemo wanaovuliwa pwani yetu na kupelekwa ng'ambo. Kila anayekufa kwa uzembe wetu ametolewa bahari yake bure.

Kwa hayo, naiomba kamati ifanye mambo mawili. Kwanza, iandike orodha ya vifaa kwa utaratibu huu, samaki wawe mwisho. Pili, iamue sasa ni nani atakayelitunza tangi wakati wa likizo, kwa maana samaki hawafungi shule. Mchango usipotosha, tungoje muhula mwingine, ama tuanze na ngege wa maji yasiyo na chumvi. Hilo halitakuwa aibu. Subira huvuta heri.