Kabla Ununue Pampu, Mlipe Fundi Afikirie

Kama gari yako ya zamani inazima kila ukitoa mguu kwa mafuta, na kuna mtu amekuambia "hiyo ni pampu", rudisha simu mfukoni kabla utume pesa. Mimi nimelipa hiyo karo tayari, na mnajua vile mimi na karo hatukuelewana mpaka nikaacha chuo mwaka wa pili.

Gari ni ya mathe. Toyota 100 ya 1994, otomatiki, injini ya 5A-FE, ile ya namba ya KA ambayo nyinyi huicheka pale stage mpaka siku mnataka lifti. Si gari ya mapambo. Mathe hubeba nayo viazi na kabeji kutoka Kinangop hadi soko ya Naivasha, alfajiri, siku nne kwa wiki. Isipowaka, hakuna biashara hiyo siku.

Shida ilikuja polepole. Ukifika kwa bampu, sauti ya injini inashuka, gari inatetemeka kama mtu ameogea maji baridi, halafu kimya. Ukiwasha inawaka mara moja, unaendelea. Bampu ingine, kimya tena.

Gereji ya kwanza walisema plagi. Tukabadilisha plagi na waya zake, ikawa poa siku mbili. Ikarudi. Wakasema pampu ya mafuta. Nikatumwa Kirinyaga Road, Nairobi, nikarudi na pampu ya mtumba na filta mpya. Hakuna kilichobadilika. Wakasema ni sensa, na nilipouliza sensa gani wakaangaliana. Mmoja hata akaniambia ni hewa nyepesi ya huku juu, gari zote za Naivasha ziko hivyo. Hapo tulikuwa tumefika 18,500 na mathe alikuwa ameanza kuniuliza maswali kwa ile sauti ya chini.

Mwisho wakachukua bisibisi, wakakaza skrubu ya throto, injini ikaanza kunguruma juu juu hata ikiwa imesimama. "Imepona hiyo." Kupona wapi. Ilikuwa inakunywa mafuta kama imelipwa kuyamaliza, na ukiweka D inaruka mbele kama inataka kugonga ukuta. Wasee, mtu akikuongezea mwendo wa injini kwa skrubu ndiyo isizime, amekufunika jeraha na soksi. Nasema hivi kwa sababu hiyo ndiyo "dawa" nimeona ikitumika zaidi hapa kwetu, na ndiyo karibu ituue.

Tulikuwa tunatoka kuona shosho Limuru, tunateremka ile barabara ya zamani kwenda Mai Mahiu. Mnaijua: ukuta upande mmoja, shimo upande mwingine, malori mbele na nyuma. Ile skrubu ilikuwa imeficha ugonjwa wiki moja tu. Lori la mbele likapunguza mwendo, nikatoa mguu kwa mafuta, injini ikazima. Taa nyekundu zikawaka zote. Usukani ukawa mzito. Nikakanyaga breki mara ya kwanza ikashika, ya pili ikawa ngumu, ya tatu ni kama nimekanyaga jiwe.

Hii kitu sikuwa naijua na nadhani wengi wenu hamjui. Breki ya gari ya petroli kama hii husaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwa injini. Injini ikizima, unabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, basi. Breki bado zipo, lakini sasa ni nguvu ya mguu wako peke yake, kwa hivyo usizipigepige. Kanyaga mara moja, kwa nguvu zote, ushikilie. Mimi nilisimamisha gari karibu kugusa lile lori, nikaweka N, nikawasha, nikateremka polepole mpaka chini, kwa lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Tukakaa hapo. Mathe hakusema neno mpaka tukafika Naivasha. Kama ungemjua mathe ungejua hiyo ni mbaya kuliko kelele.

Kesho yake nikapelekwa kwa mzee mmoja pale Karagita, hana hata bango. Nikaanza kumwambia ni pampu au ni sensa. Akaniuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza: "Kijana, inazima lini?"

Inazima nikitoa mguu. Akasema basi anza kwa njia ya hewa. Kama ingekuwa inakosa nguvu kwa mlima huku umekanyaga, angeanza na mafuta: pampu, filta. Kama ingekatika ghafla popote, kama mtu amezima ufunguo, angeanza na umeme: koili, distributa, waya zilizolegea. Na kama ingesumbua asubuhi tu ikiwa baridi, angeuliza sensa ya joto la maji. Si sheria ya Musa, lakini ni mahali pa kuanzia. Swali moja, bure, na lilikuwa limeshinda 18,500 zangu.

Halafu akafungua boneti, akafungua kijisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS, akaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa ON bila kuwasha injini. Taa ya injini kwa dashibodi ikaanza kumulika. Toyota za miaka hiyo husema zenyewe zinaumwa wapi, unahesabu tu. Mimuliko miwili, pengo, miwili tena ni 22, sensa ya joto la maji. Tatu kisha moja ni 31, sensa ya mvuto wa hewa. Yetu ilimulika sawasawa bila kusimama, maana yake kompyuta haijaona sensa yoyote mbovu. Na hiyo sensa ya 31 ndiyo hupima kanieneo ya hewa na kuambia kompyuta itie mafuta kiasi gani. Naivasha tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari na gari inajua hivyo. Kwa hivyo ile hadithi ya hewa nyepesi ipeleke kwa mwenye kabureta.

Akatoa throto. Ndani ilikuwa nyeusi kama sufuria ya githeri ya shule. Ukitoa mguu, mlango wa throto hufungwa, na injini hupumulia tundu dogo la kando lenye vali inayoendeshwa na kompyuta. Mvuke wa oili na vumbi hujaza hilo tundu masizi, vali inakwama, injini inakosa hewa. Na vumbi letu mnalijua. Tangu Safari Rally irudi kwa WRC mwaka 2021 tumeona magari ya mamilioni yakizama kwa ile poda ya Kedong, mpaka yanafungwa mirija ya kuvutia hewa juu. Sasa fikiria Toyota ya mathe yenye filta ya hewa ambayo, aibu yangu, sikuwa nimeiangalia mwaka mzima.

Alisafisha kwa dawa ya kabureta na mswaki, akaweka gasketi mpya, akarudisha skrubu mahali pake, akakagua paipu za hewa kama zimepasuka. Masaa mawili. Akasema 2,000.

Na mimi, mtu wa 18,500, nikamwambia: "Mzee, si umepangusa tu? Punguza."

Hapo ndipo maoni yangu yako, na najua kwa komenti mtanirukia. Tunalaumu mafundi kwa kubahatisha na spea, lakini sisi ndio tumewafundisha. Pampu tunalipia bila kelele kwa sababu unaishika mkononi. Mtu akikaa nusu saa anasikiliza gari, anauliza maswali, hatutaki kulipa, tunaona hajafanya kazi. Kwa hivyo fundi mwenye njaa atauza nini? Atauza kitu unaweza kushika. Ukienda gereji, mwambie kabla afungue spana: nitakulipa kutafuta shida, hata kama hutauza kitu. Na muulize amejuaje. Akishindwa kueleza, ondoka na ufunguo wako.

Nililipa 2,000 zote, nimechelewa lakini nililipa. Sai ni mwezi wa tano, haijazima hata mara moja. Mathe bado anashikilia mlango tukiteremka.

Ile pampu ya zamani iko kwa sanduku chini ya kitanda. Wiki jana niliitoa nje nikaiunga kwa betri, sekunde mbili tu. Inafanya kazi.