Wanafunzi wa Biashara Washike Kamera Wenyewe

Tangu Januari 2025, Elimu ya Biashara ni somo la lazima kwa wanaoanza kidato cha kwanza Tanzania Bara. Uamuzi huo ni mzuri. Lakini somo lenyewe linafundishwa kwa Kiingereza, na wengi wa watoto hao wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Ugumu huo huwafuata hadi chuoni: mtu anakariri fasili, anafaulu mtihani, kisha anakwama mwenye duka akimuuliza.

Naamini dawa mojawapo ni kuwaachia wanafunzi watengeneze video fupi za kufundishana. Chukua mada ya uchakavu wa mali. Mwanafunzi anasimama kijiweni, kando ya bodaboda iliyonunuliwa kwa shilingi 3,000,000 na inayotarajiwa kudumu miaka 5 bila kubaki na thamani. Kila mwaka faida inapunguzwa kwa shilingi 600,000. Mwenzake anauliza: mbona mwaka huu hakuna aliyelipwa hizo laki sita? Ili kumjibu, lazima aelewe kwamba fedha zote zilitoka siku ya kununua, na kinachogawanywa miaka yote hiyo ni gharama. Kukariri hakumwokoi hapo.

Anayenufaika zaidi ni mtengenezaji. Anaandika maelezo, anarekodi, anajisikiliza, anarudia. Darasani, kosa moja la matamshi likichekwa linaweza kumziba mdomo muhula mzima. Kwenye simu anafuta na kuanza upya.

Wenye shaka wana hoja. Kosa lililorekodiwa husambaa haraka, bando ni ghali, na shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Kwa hiyo mwalimu apitie maandishi na hesabu kabla ya kurekodi. Kikundi kitumie simu moja, na video zioneshwe darasani au zihamishwe kwa memori kadi. Vyuo vianze, maana huko simu haikatazwi.

Lugha nayo ipangwe. Kikundi kijadili mada kwa Kiswahili mpaka ieleweke, ndipo kirekodi kwa Kiingereza. Wapo wanaohofia kwamba Kiswahili kitawachelewesha. Mimi naona kinachowachelewesha ni kulazimishwa kusema kwa Kiingereza jambo ambalo hawajalielewa kwa lugha yoyote.

Yote haya yatategemea alama. Kazi isiyohesabiwa kwenye maksi za muhula huachwa mtihani ukikaribia. Video ipewe maksi zake, na zitokane na usahihi wa hesabu na uwazi wa maelezo, si urembo wa picha wala lafudhi. Vyuo vyetu vinaandaa wahasibu watakaoketi na wafanyabiashara kuwaeleza faida na hasara zao. Uwezo huo wa kueleza upimwe wangali masomoni.