Safari ya Kolo: Yule Aliyeshikwa Mikono



Nilipomwambia mume wangu kwamba tukitoka kwenye mkutano wa akina mama Dodoma tutapitia Kondoa kuona mawe yenye michoro, alicheka mpaka akaweka kikombe cha chai chini. "Mama, mnatoka Musoma kwenda kutazama mawe? Kwani ya hapa yameisha?" Asiyeijua Musoma nimweleze kwamba mji wetu umekaa juu ya mawe. Hapa Mwigobero tunaanika nguo juu ya mawe, watoto wetu wanateleza juu ya mawe wakienda ziwani, na vijana wameyaandika majina yao na ya timu zao za mpira kwa rangi ya mafuta. Kwa hiyo hakukosea sana.

Lakini neno lililonipeleka si mawe. Mwanangu wa darasa la sita alirudi siku moja na kitabu cha historia akaniuliza: "Mama, ile michoro ya Kondoa aliichora nani?" Mimi nilikuwa na sufuria jikoni na haraka yangu. Nikamjibu, "Ni mambo ya mashetani hayo, soma mbele." Akafunga kitabu. Usiku nilipolala lile jibu lilinirudia. Sikuwa nimewahi kuiona hiyo michoro, wala sikujua kitu juu yake, ila nilikwisha mtia mtoto woga.

Tulikuwa akina mama 22 ndani ya Coaster. Kutoka Dodoma mpaka kijiji cha Kolo ni kama kilometa 180, lami tupu. Zamani barabara ile ilikuwa inavunja viuno. Kabla hatujafika Kondoa mjini mabishano yakaanza. Mama mmoja alisimama akasema yeye ameokoka, hapandi mahali pa mizimu. Mwingine akamwambia kwamba Mtume Paulo alipofika Athene alizunguka mji mzima akaziangalia sanamu zao kwa macho yake kabla hajafungua kinywa. Wakajibizana mpaka Mama Mchungaji akakata shauri: anayetaka kupanda apande, asiyetaka abaki kwenye gari, na asiwepo wa kumhukumu mwenzake. Tisa wakabaki. Miongoni mwao wawili nilijua kabisa kwamba kilichowabakisha ni magoti, lakini imani ilikuwa na heshima zaidi.

Pale kijijini kuna kituo cha Mambo ya Kale. Tulilipa kiingilio, tukapewa risiti na kijana wa Kirangi wa kutuongoza, mwenye adabu, anayetuita "mama zangu". Gari likaenda kilometa chache kwa njia ya mashimo, halafu ikawa ni miguu. Mlima ni mkali. Kwa wale wenye shinikizo la damu ninasema kama muuguzi: msipande mkishindana. Meza dawa zako asubuhi kama kawaida, beba maji, vaa raba na siyo kandambili, na ukisikia kifua kinabana, kaa chini bila aibu. Sisi tulikuwa na bibi mmoja wa miaka zaidi ya 70, mzee wa kanisa letu, ambaye alipanda na fimbo yake polepole. Mimi nilibaki nyuma naye. Kusema kweli ndiye aliyeniburuta mimi.

Msifikiri ni mapango ya kuingia na taa. Ni miamba mikubwa iliyojitokeza mbele kama paa la baraza, na ukuta wa ndani ndio wenye michoro. Huko India kuna mapango ya Ajanta, kama 30 hivi, ambayo watawa wa dini ya Kibuddha waliyachonga wenyewe ndani ya mwamba kwa nyundo na patasi, ya kwanza yakiwa na zaidi ya miaka 2,000, wakachora kutani habari za Buddha kwa rangi nyingi. Watu huvuka bahari kwenda kuyaona. Kolo hakuna aliyechonga. Waliotangulia walikuta baraza la Mungu tayari, wakachora.

Michoro iliyo ya kale ni myekundu. Ni rangi ya ngeu, ule udongo wenye chuma, uliosagwa na kuchanganywa na mafuta. Kuna twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba kama mabua ya mtama, wenye vichwa vikubwa vya mviringo kama waliosuka nywele za sherehe. Juu yake mahali pengine kuna michoro minene myeupe iliyopakwa kwa vidole. Hiyo ni ya wakulima waliokuja baadaye. Ile myekundu wataalamu wanaihusisha na wawindaji na waokota matunda, jamaa ya Wasandawe na Wahadzabe wa leo. Wasandawe wapo hapo hapo jirani, na lugha yao yenye kualika ulimi bado inazungumzwa. Basi jibu la mwanangu lilikuwa hilo: ni watu. Watu waliokula, waliozaa, waliocheza ngoma.

Michoro hii ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937, na mwaka 2006 UNESCO ikaiweka katika urithi wa dunia. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1951, alikuja Mary Leakey, yule yule aliyeokota fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai mwaka 1959. Alikaa miezi akinakili michoro kwenye karatasi, umbo kwa umbo, juani. Nyumbani alikuwa na wavulana watatu, wa mwisho akiwa na miaka miwili. Kitabu chake kuhusu michoro hii kilitoka mwaka 1983. Hesabuni wenyewe, akina mama: miaka 32! Mimi nina vitambaa vya kudarizi vya mwaka wa harusi yangu ambavyo havijaisha, na nilikwisha kata tamaa.

Sasa niwaeleze aibu yangu. Mchoro mmoja wa pofu ulikuwa na vumbi. Mkono wa muuguzi ukiona uchafu haungoji amri. Nikalowesha leso yangu kwa maji ya chupa, nikainyosha. Yule kijana aliruka kama aliyeona nyoka. "Mama, hapana!" Akanieleza kwamba wageni wengi wamefanya hivyo, wengine wakimwagia maji ili rangi ing'ae kwenye picha, na kila mara maji yanaondoka na kidogo. Mvua, jua, vumbi na mikono ya watu ndiyo maradhi ya mahali pale. Nikakumbuka nilichowahi kusoma juu ya pango la Lascaux kule Ufaransa: liligunduliwa mwaka 1940, na mwaka 1963 likafungwa kwa wageni kwa sababu pumzi za watu zilikuwa zinaharibu michoro, kama wodi iliyojaa isiyo na madirisha. Niliificha leso yangu mfukoni kimya.

Tulionyeshwa pia mahali ambapo wenyeji wanafika mpaka leo kuomba mvua na kutafuta uponyaji. Hapo wengi wetu tulinyamaza. Sitawaficha msimamo wangu. Nimepokea watoto wengi wa kuharisha walioletwa macho yamekwisha ingia ndani, kwa sababu siku tatu za kwanza zilipotea kwa mganga. Jambo hilo linaniuma na nitaendelea kulisema kliniki. Lakini nilisimama pale nikaona kwamba aliyepanda mlima ule na mtoto mgonjwa mgongoni alikuwa mama, na alipanda kwa sababu ile ile inayomfanya mwingine apande gari la kwenda hospitali ya mkoa. Sikuweza kumcheka. Kama kuna atakayeniambia nimelegea, sawa.

Kisha tukafika kwenye mchoro ambao ndio umenifanya niandike ukurasa huu.

Ni watu watano wamesimama. Yule wa katikati wanadhani ni mwanamke. Wawili wako upande huu, wawili upande ule, na wa katikati ameshikwa mikono huku na huku, kama anavutwa. Kijana alitueleza kwamba wataalamu hawapatani. Wengine wanasema hapo msichana anatekwa, na upande mmoja unajaribu kumwokoa. Wengine wanasema hakuna vita hapo: ni ngoma ya uponyaji, mtu amezidiwa na nguvu za ngoma, na wenzake wanamshikilia asianguke.

Mimi mara moja niliona la pili. Nimefanya kazi ya wodi ya wazazi miaka mingi, na nimemwona mwanamke wa katikati mara nyingi mno, anatembezwa huku na huku, dada yake upande mmoja, mama mkwe upande mwingine. Nikasema kwa sauti, "Huyo anasaidiwa."

Bibi yetu alikuwa ameegemea fimbo. Akasema, "Mwanangu, wewe ni nesi. Anayesaidiwa anashikwa wapi?"

Nikanyamaza, maana ndilo ninalowafundisha wanafunzi: mgonjwa humvuti mkono, unampitishia mkono kwapani au kiunoni. Bibi akaonyesha kwa fimbo, bila kugusa. "Huyu wamemshika mikono. Mimi nilishikwa hivyo."

Akatueleza pale pale, kwa maneno machache, kama mtu anayetaja bei ya kitu sokoni. Alikuwa na miaka 15, anatoka kuteka maji. Wanaume wanne walikuwa wanamngoja njiani. Kaka yake alimwona, akaushika mkono mmoja akavuta, wao wakavuta mwingine, mpaka kaka akapigwa akaachia. Jioni alikuwa mke wa mtu asiyemjua. Ng'ombe walipelekwa baadaye na mambo yakaisha kwa wazee. Alimzalia mtu yule watoto saba, akamuuguza, akamzika. Mimi nimeabudu naye benchi moja miaka 19 na sikujua.

Kwa kweli wengi wetu wa Mara tumesikia hadithi za namna hii, tena nyingine tumezisikia zikichekewa kwenye send-off, mzee mmoja akijisifu jinsi alivyompata mkewe. Na wengine tumecheka.

Hakuna aliyejua la kusema. Mama Mchungaji alimshika bibi kiunoni tukaanza kushuka. Njiani bibi aligeuka akaniuliza kama kaka wa kwenye jiwe alikuwa upande wa kushoto au wa kulia. Nikamwambia wataalamu hawajasema.

Garini wale tisa walitaka kujua tumeona nini. Bibi akarudia, safari hii kwa urefu, kutoka Kolo mpaka karibu na Babati. Yule mama aliyesema hapandi mahali pa mizimu alihama kiti akaenda kukaa naye, na mpaka Singida, usiku, walikuwa bado wanaongea kwa sauti ya chini.

Wiki mbili baadaye bibi alikuja kupima presha. Ilikuwa imeshuka kidogo kuliko ya mwezi uliotangulia, nadhani ni dawa mpya. Akaniomba picha ya wale watu watano, kwa kuwa nilikuwa nimeipiga kwa simu. Nikaenda kuisafisha mjini, nikamletea. Hakuitaka kwa ajili ya ukuta. Ana mjukuu wa kidato cha pili anayekuja likizo, na anataka wakae wawili, amwonyeshe mwenyewe.

Mwanangu naye nilimpa nakala yake. Aliitazama sana, akaniuliza, "Sasa mama, mashetani wako wapi?"