Njia ya Baiskeli Kyela Hadi Matema: Tuanze na Mwanafunzi

Kila semesta ikikaribia kuisha, pale vimbweteni unaanza mjadala uleule: safari ya darasa mwaka huu ni wapi? Itatajwa Mikumi, itatajwa Zanzibar, kisha mweka hazina atataja bei na kila mtu atakumbuka kwamba bumu liliisha wiki mbili zilizopita. Safari hii nikapendekeza Kyela. Tushuke Kyela mjini, tukodi baiskeli, tuendeshe mpaka Matema. Jamani, walicheka! Mmoja akauliza: "Yaani nimetoka kijijini nikiikimbia baiskeli, halafu leo nilipe hela nikaipande?"

Swali lake limenikaa kichwani, na makala haya ni jibu langu kwake.

Mwaka jana nilifanya TP Kyela, mwezi wa saba na wa nane, mpunga ukiwa umeshavunwa. Kwa asiyefika, Kyela ni tambarare. Ukitoka Tukuyu, barabara inashuka kutoka kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari hadi kwenye mita 475 hivi, ulipo uso wa Ziwa Nyasa, na joto linakupokea kabla hujashuka kwenye gari. Ndiyo maana baiskeli imekubali kule. Hakuna anayeiona kama mazoezi wala fasheni. Keria inabeba gunia la mchele, dumu la mawese, mikungu ya ndizi, kokoa inayopelekwa kuuzwa, abiria, na mgonjwa anayewahishwa zahanati.

Jumamosi moja tukatoka walimu wa mazoezi watatu. Baiskeli tulikodi kwa fundi mmoja pale mjini, kwa bei ya chipsi mayai na soda. Nikamuuliza: "Fundi, breki zinashika?" Akanijibu: "Zinashika mwalimu, ila usizitegemee sana."

Ni kama kilomita 40, kupitia Ipinda. Njia haifuati maji muda wote, kwa sababu mito ya Kiwira, Mbaka na Lufirio inamwaga ziwani na lazima uifuate barabara yenye madaraja. Unapita mashamba ya mpunga, unapita kokoa iliyojificha chini ya migomba, watoto wanakupigia kelele za salamu, wazee wanakuuliza "Mugonile?" nawe unaitikia "Ndaga" kama mwenyeji. Kadiri unavyosogea, Milima ya Livingstone inazidi kusimama mbele yako kama ukuta, halafu ghafla ziwa hilo. Ukifika Matema, ukikunja kuelekea Lyulilo, unakutana na vyungu vya Wakisi, vilivyofinyangwa na akina mama wa Ikombe na kuletwa kwa mitumbwi. Hapo magurudumu yanaishia. Mlima umeingia majini, na kwenda Ikombe ni kwa mtumbwi au kwa mguu.

Kwa uzuri, mimi sijaona safari ya siku moja inayoifikia hiyo. Lakini sikuandika makala haya kusifia mandhari tu.

Naomba nisimulie aibu yangu. Kidato cha pili nilikuwa na kijana mmoja aliyechelewa karibu kila siku. Anaingia kipindi cha kwanza kikiwa katikati, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. "Shikamoo madam. Samahani madam." Ukimuuliza sababu, jibu ni hilohilo: "Magari, madam." Nikaona ni kisingizio. Nikawa namwandika kwenye orodha ya wachelewaji, na orodha ile wote tuliosoma shule zetu tunajua inaishia wapi: fagio, jembe au fimbo.

Jumamosi ile nikaendesha kwenye barabara anayoendesha yeye. Hatujafika Ipinda, lori likanipigia honi mgongoni. Pa kwenda hakuna, ni lami kisha mtaro. Nikashuka, nikasimama kwenye nyasi, lori likapita na upepo wake, nikapanda tena. Ikaja Noah, nikashuka. Zikaja bodaboda mbili zinafukuzana, nikashuka. Nilihesabu mara kumi na moja kabla ya Ipinda. Na mimi sikuwa na mzigo wala kengele ya asubuhi inayonisubiri. Magari, madam!

Jumatatu nilimwomba radhi. Alishangaa kuliko alivyofurahi.

Sisemi lami ni mbaya. Kyela inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na aliyesafiri kwenda Matema masika kabla ya lami atakusimulia habari za tope mpaka umwombe anyamaze. Lami imeleta mwendo. Kwa mtu wa baiskeli haikuleta nafasi, na kule mtu wa baiskeli si mmoja wala wawili.

Sasa niuchokoze utalii. Kila tukisikia utalii wa nyanda za juu kusini, tunafikiria mradi mkubwa: geti, hoteli, ndege. Kwa baiskeli mambo hayahitaji kuwa hivyo. Rwanda wana njia inaitwa Congo Nile Trail, kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi. Sehemu kubwa ni barabara za vijijini zilezile ambazo wananchi walikuwa wanazitumia. Zikapangwa kuwa njia moja, zikapewa jina, na mgeni analala na kula humohumo njiani. Na sisi waendesha baiskeli wa mbali tunao tayari. Msafara wa Tour d'Afrique, unaotoka Cairo hadi Cape Town tangu 2003, hupita Mbeya na kuteremka kuvuka mpaka kuingia Malawi. Ziwa ni hilohilo, ila ufuko wanaokwenda kupumzikia ni wa jirani.

Kwa hiyo ndiyo, nataka njia ya baiskeli ya Kyela hadi Matema, na nataka watalii waje. Ila nina sharti moja: njia ipimwe kwa mwanafunzi kwanza. Kama mtoto wa kidato cha pili anaweza kuendesha akafika shule bila kushuka mara kumi na moja, basi mgeni kutoka popote ataendesha akiwa anatabasamu. Tukianza na mgeni, tutapata vibao vizuri na kipande kifupi cha kupigia picha karibu na hoteli, na yule kijana atabaki mtaroni.

Hofu hii sikuitunga. Pale Matema tulitaka kuendesha kidogo ufukweni, kwenye kinjia cha watu. Tukafika mahali uzio umeshuka mpaka kwenye maji. Ikabidi tuingize baiskeli ziwani, maji magotini, tuzunguke. Mama mmoja mwenye beseni la usipa kichwani alikuwa anazunguka vilevile. Akatuambia: "Zamani tulipita hapo juu, wanangu." Wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa! Mita 60, wanachuo wenzangu. Kinjia cha udongo cha baiskeli hakihitaji hata 2. Nafasi ya njia yetu ilishatengwa kisheria, ila isipotumika na kulindwa, itamezwa kiwanja kwa kiwanja.

Mtasema hela hakuna. Sawa. Basi tuanze na vya bei ndogo: matuta karibu na kila shule, ukanda wa udongo ulioshindiliwa pembeni ya lami kwenye maeneo yenye wanafunzi wengi, vibao vya kumkumbusha dereva. Mtasema mafuriko yatabeba. Yatabeba vipande, na vipande hivyo vinarudishwa kwa jembe na koleo.

Na sisi wasomi tuna kazi hapo. Wa jiografia wachore ramani ya njia, wapi pana kivuli, wapi pana fundi wa pancha, wapi maji hujaa masika. Wa uhandisi wapime ukanda na kuweka gharama. Sisi wa elimu tunaokwenda TP tuhesabu wanafunzi wangapi wanakuja kwa baiskeli na wangapi wameacha kwa woga. Karatasi hiyo ikifika mezani kwa halmashauri ikiwa na takwimu, itasikilizwa kuliko makala haya.

Narudi kwa yule mwenzangu aliyecheka. Siku nyingine tukiwa wawili nilimuuliza kwa nini aliikimbia baiskeli. Akakunja mkono wa shati akanionyesha kovu kwenye kiwiko. Kioo cha pembeni cha gari, darasa la saba, asubuhi akienda shule. Baada ya hapo baba yake aliiuza ile baiskeli, naye akawa anatembea kilomita nane.

Pendekezo langu la safari bado lipo mezani, na nauli ya Kyela haifiki nusu ya ile ya Zanzibar. Asiyejua kuendesha nitambeba kwenye keria, ila akisikia honi ya lori awahi kuruka, kwa sababu kwa sasa pa kwenda ni mtaroni tu.