Mwalimu kwanza, kompyuta nyuma

Ndugu vijana wa Bukavu, kuwapa watoto kompyuta ni jambo nzuri, hatupingi. Lakini nani atawaonyesha kazi yake? Peru iligawa kompyuta zaidi ya 800,000 mashuleni. Uchunguzi wa 2012 ulikuta watoto hawakuendelea zaidi katika hesabu wala kusoma. Mashine ilifika, mwalimu akasahaulika.

Kwetu, tangu masomo ya msingi yawe ya bure mwaka 2019, Leta ilifuta prime ya wazazi. Na walimu wengi, wale tunaita N.U., wakabaki wanafundisha bila mshahara.

Kompyuta haioni mtoto aliyepotea somo. Mwalimu anaona. Tunadai: alipwe, afundishwe kompyuta mbele ya wanafunzi wake, kisha mashine zije. Atakayetuahidi kompyuta, tumuulize kwanza: na mwalimu je?