Buibui, cheni na tope la Chara

Magazeti yetu yana desturi ya kumtaja mwendesha pikipiki katika kurasa mbili tu, ukurasa wa ajali na ukurasa wa siasa. Leo naomba nafasi katika ukurasa huu wa mila na desturi, kwa sababu jambo nililo nalo lahusu mavazi ya mama zetu sawasawa na linavyohusu chuma na mafuta.

Mimi ni mkazi wa Chara, huku chini kabisa ya mto Tana, karibu na pale mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19, ulipougeuza mto ukaenda kumwaga maji yake Kipini. Chombo changu cha kazi ni pikipiki. Wako waendeshaji wa msimu, ambao mvua ikianza huifunika pikipiki kwa turubai wakarudi shambani kungoja jua. Mimi sina msimu. Kuanzia Januari mpaka Disemba nabeba mpunga, maembe, samaki wa Ozi, maziwa ya Waorma, mwanafunzi aliyechelewa, na mgonjwa wa kwenda Garsen au Ngao. Basi nikisema juu ya utunzaji wa chombo hiki, nasema kama mtu ambaye chombo kikilala naye hulala na njaa.

Watu wa mjini hudhani adui wa pikipiki ni mwendo. Huku kwetu adui ni ardhi. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, udongo wetu mweusi hupasuka na kuwa vumbi laini mfano wa unga, na vumbi hilo huingia katika filta ya hewa mpaka injini ikakohoa. Filta nayapiga kila jioni, na kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kuoga, naifungua yote na kuisafisha. Kisha kuna miiba ya mathenge, mti ulioletwa nchini katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, ambao sasa umeteka njia zetu. Mwiba wake hautoboi tairi tu, hukatikia ndani ukangoja mrija mpya. Mwenye akili hupitisha kidole taratibu ndani ya tairi yote kabla ya kutia mrija, na hata hivyo kidole hicho kitatoka damu.

Mvua za mwaka zikifika, vumbi lile lile huwa tope linalonata kama ulimbo. Hujaa baina ya gurudumu na madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, na ukiwa mkaidi ukaongeza mafuta, utaunguza klachi bure. Kila mwendeshaji wa Chara ana kijiti chake cha kukwangulia tope, kimechomekwa chini ya kiti. Wageni hukiona wakafikiri ni bakora ya punda.

Ajabu ya nchi yetu ni kwamba mafuriko hayatungoji mvua yetu. Maji huanguka huko mbali, mlima Kenya na Nyandarua, na siku kadhaa baadaye mto huku huvimba na hali mbingu yetu ni nyeupe. Ndivyo ilivyokuwa zama za El Nino ya 1997, ndivyo 2018, na ndivyo mwishoni mwa 2023 barabara kuu ya Lamu ilipokatika. Siku kama hizo pikipiki hupanda mtumbwi. Huingizwa kwa kulazwa ubavu au kushikwa wima na watu wawili, na petroli hufungwa kwanza. Ikitumbukia majini, usithubutu kuipiga teke. Toa plagi, uipige stata taratibu maji yatoke kwa tundu la plagi, kisha utazame oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, imwage yote utie nyingine, hata kama ile uliitia jana. Nimeona injini tatu zikifa kwa kuionea uchungu lita moja ya oili.

Na kwa wale wanaoshuka Kipini mara kwa mara, chumvi. Maji ya bahari siku hizi hupanda mto mbali, waulize wakulima wa mpunga wa Ozi. Chumvi hula spoku na keria kimya kimya. Maji matamu na kitambaa chenye oili kidogo ndiyo dawa, hakuna nyingine.

Lakini si hayo yaliyonifanya nishike kalamu.

Wazee wetu wa Unguja na Mombasa waliopanda Vespa walipanda chombo kilichoelewa mavazi yao. Vespa ilitoka katika kiwanda cha Piaggio huko Italia mwaka 1946, na aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege ambaye hakupenda pikipiki, aliziona chafu na za taabu kuzipanda. Kwa hiyo akaificha injini ndani ya bati, akaweka sakafu mbele ya miguu, na hakutia cheni hata kidogo, injini yageuza gurudumu moja kwa moja. Sidhani alikuwa akimfikiria mzee wa Darajani na kanzu yake. Hata hivyo matokeo yalikuwa hayo: mtu alikwenda msikitini kwa skuta akafika na kanzu nyeupe, na bibi akakaa nyuma na buibui lake bila kuguswa na mafuta wala meno ya chuma. Wahindi nao walizitengeneza kwa ruhusa ya Piaggio, na kampuni hiyo, Bajaj, ndiyo iliyotuachia jina la bajaji kwa vyombo vya magurudumu matatu.

Mbona basi hatupandi skuta Chara? Jibu liko katika gurudumu. Gurudumu la Vespa lilikuwa la inchi 8, baadaye 10. Kwa lami ya mji latosha. Katika tope letu laingia kama kijiko ndani ya uji. Pikipiki tunazoziendesha leo zina gurudumu la inchi 17, jembamba, lenye kukata tope mpaka chini penye ugumu. Biashara ya boda boda ilianza kwa baiskeli za mpakani Busia katika miaka ya 1960, lakini pikipiki zilifurika nchini baada ya Serikali kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008. Zikatufikia mpaka sisi ambao matatu haikuwahi kutufikia. Tulipata chombo kinachofaa ardhi yetu. Ila chombo hicho kina cheni iliyo wazi, na cheni iko upande wa kushoto, upande ule ule ambao mama zetu hukaa kwa ubavu na kuning'iniza miguu.

Msomaji ameanza kunielewa. Buibui la siku hizi ni refu na pana, kitambaa chake chepesi. Upepo huliinua. Ncha moja ikinaswa na cheni au spoku, gurudumu halina huruma: hulivuta vazi, na vazi humvuta aliyelivaa. Mwaka juzi mama mmoja wa huku kwetu aliangushwa namna hiyo akavunjika mkono, na Mungu alimrehemu kwamba njia ilikuwa na tope na mwendo ulikuwa mdogo. Ingekuwa lami ya barabara ya Lamu, ningekuwa naandika tanzia.

Jambo hili lina dawa, na dawa yake ni ya zamani. Huko Bara Hindi, ambako wanawake huvaa sari na kukaa ubavu kama wetu, sheria yataka pikipiki iwe na kinga ya kufunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe, pamoja na mahali pa kukanyaga na pa kushikilia. Zaidi ya hiyo kuna kava ya cheni. Vitu hivi viwili, kinga na kava, ndivyo vya kwanza kung'olewa pikipiki ikifika kwetu. Kinga huondolewa ili fundi achomelee keria kubwa ya magunia. Kava huondolewa kwa sababu ya tope.

Nawatetea wenzangu katika hili la tope, kwa kuwa si uvivu mtupu. Kava ya bati iliyozibwa hujaa matope yakakauka humo, cheni ikasaga udongo kama jiwe la kusagia, na sproketi zikaisha meno kabla ya wakati. Basi mwendeshaji hutupa kava akaokoa cheni. Lakini njia ya katikati ipo. Yangu nimeikata chini, ikabaki kufunika juu na ubavu wa nje, na tope hudondoka lenyewe. Ya gurudumu nimechomelewa ya vyuma vyembamba kama vya dirisha, si bati, nayo huoshwa kwa ndoo moja. Cheni naisugua kwa dizeli na mswaki mkuukuu, naipaka oili, na naiacha icheze kiasi cha vidole viwili, isikaze wala isilegee. Kazi yote hiyo ni kati ya alasiri na magharibi, mara mbili kwa wiki wakati wa tope.

Kizuizi kikubwa ni hesabu. Vijana wengi hawana pikipiki zao. Hupewa na tajiri, na kila jioni humpelekea fedha walizopatana, iwe mvua iwe jua, na oili, tairi na matengenezo madogo juu ya kijana. Siku moja kwa fundi ni siku ya hesabu bila mapato, basi kijana huyo atabadilisha oili lini? Atanunua kava kwa fedha gani? Tajiri naye husema kijana ni mharibifu. Mimi nasema anayepokea hesabu apokee na dhima yake: siku moja katika wiki mbili iwe ya chombo, bila hesabu, na kinga ya abiria iwe juu ya mwenye mali kama ilivyo bima.

Wapo wazee, nao nawaheshimu, wanaosema dawa ni wanawake wasipande pikipiki kabisa. Sheikh wangu, nitakuuliza kwa adabu: usiku wa manane, uchungu umemshika binti yako, mto umejaa, gari la karibu liko Garsen, utamwita nani? Utaniita mimi. Na nitakuja. Afadhali basi unikute na kava.

Abiria nao wana sehemu yao. Mama akipanda, akunje buibui na kulikalia upande wa cheni, si kuliachia. Mtandio ufungwe, usipeperuke nyuma. Akiweza kukaa kwa kupanua miguu huku amevaa suruali ndani, hilo ni salama zaidi, na wasichana wa shule wameanza. Sisi waendeshaji tuwe na ulimi wa kuwaambia bila kuona haya, mimi humwambia kila mmoja, "Mama, nguo," hata akiwa ni shangazi yangu mwenyewe, na sitii gia mpaka nisikie, "Tayari." Kofia ya kujikinga ya pili ninayo, ingawa wengi huikataa kwa ajili ya harufu. Kwa hiyo naifua.

Mafundi wa Garsen na Minjila wanajua kuchomelea keria ya kubeba magunia mawili ya mpunga. Kinga ya vyuma vyembamba ni kazi ya asubuhi moja. Yangu waweza kuja kuipima Chara, kwa kamba au kwa shubiri, siku yoyote baada ya alasiri. Utanikuta chini ya mwembe na ndoo.