Clarence Cooper hakwenda polisi kuandika maelezo

Lexington, Kentucky, kulikuwa na hospitali ya serikali kuu ya Marekani iliyofunguliwa 1935 kwa ajili ya mateja. Wengine walijipeleka wenyewe, wengine walipelekwa kama wafungwa. William Burroughs alipita hapo 1948 na akaiingiza katika Junkie, kijitabu cha bei chee cha 1953. Clarence Cooper Jr. naye akaiandikia riwaya nzima, The Farm, 1967.

Burroughs, mjukuu wa mvumbuzi wa mashine ya kujumlisha, leo anafundishwa vyuo vikuu. Cooper, Mweusi wa Detroit, alifia New York 1978 akiwa hana kitu. Mtaje mbele ya wasomi wa fasihi uone watakavyokutolea macho.

Kila nikilalamika napewa jibu lile lile: eti Cooper ni "sauti ya mtaani", alisimulia tu aliyoyaona. Jamani! Burroughs akiandika sindano ni majaribio ya kisanaa, Cooper akiiandika ni ushahidi?

The Farm ni riwaya ya mapenzi. Mfungwa anampenda mfungwa wa kike mahali ambapo wanaume na wanawake wametenganishwa, na penzi lenyewe linageuka kuwa arosto nyingine. Lugha yake ni chafu, ndiyo. Ina matusi, mizaha ya jela, halafu ghafla upole unaokukaba koo. Enzi ile mwandishi Mweusi alitarajiwa ausemee umma wake, awe na hasira yenye heshima. Msimulizi wa Cooper hamsemei mtu, wala haombi huruma. Nadhani hicho ndicho ambacho hakikusameheka. Ilikuwa riwaya yake ya mwisho.

Hata waliomfufua miaka ya 1990 walimweka katika mfululizo wa Old School Books, bega kwa bega na riwaya za uhalifu za waandishi Weusi. Nawashukuru, bila wao nisingeisoma. Lakini uhalifu gani? Kitabu kinahusu watu wawili wanaotafuta namna ya kugusana.

Simtetei kwa yote. Mwanamke yule tunamwona kupitia njaa ya mwanamume tu, na kuna kurasa nilizosoma nimekunja uso. Hilo tulijadili kama tunavyojadili riwaya nyingine yoyote.

Nyie mnaofundisha Junkie muhula huu, wiki inayofuata wekeni The Farm.